Ukoo wa Maneno na Meza ya Maziwa

Nimefundisha Kiingereza hapa Garsen kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wanaonisalimu njiani, na muda huo wote niliamini kwamba neno zuri halipatikani bila jasho. Kamusi yangu ilikuwa ya karatasi, nzito kama tofali, na mchwa walikuwa wamekwisha kuila kuanzia herufi ya T hadi mwisho. Hata upungufu huo niliuonea fahari. Mwanafunzi aliponiuliza maana ya neno lililoangukia katika sehemu iliyoliwa, nilimwagiza akalitafute maktaba, kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma nikalitafute kabla yake.

Kwa hiyo siku mume wangu aliponifungulia katika simu tovuti ya kamusi ya mtandaoni, nilimjibu kwamba huo ni uvivu uliopakwa rangi. Yeye ni fundi wa pampu za maji katika mashamba ya Idsowe, na amezoea kusikiliza mashine zikilalamika.

“Jaribu neno moja tu,” akasema. “Ukishamaliza, hubiri.”

Nilijaribu neno la mto. Nilidhani nitapata maana mbili au tatu ambazo tayari nilizijua. Badala yake zikaniteremkia aina za mito na vijito, majina ya mahali mto unapopinda, unapogawanyika, unapoingia baharini, maneno ya maji yanayopanda na ya tope linalobaki yakishuka. Mimi niliyezaliwa Kilelengwani, nikalelewa na mafuriko kama wengine wanavyolelewa na shangazi, nilikuwa nikisoma habari za kwetu kwa Kiingereza nisichokijua. Wali ukaungua jikoni. Mume wangu aliula hadi ukoko.

Ni haki nieleze jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, kwa faida ya wenye kujihadhari. Kamusi ya kawaida unaipa neno nayo inakupa maana. Hii unaweza kuipa maana, hata ukiieleza kwa kubabaisha, nayo ikakuletea maneno. Tena ukishalipata neno moja, kuna mahali pa kubofya panapoita jamaa zake. Wakiitwa, wanafika kama wageni wa arusi: walioalikwa, wasioalikwa, na yule mjomba ambaye hakuna mwenye hakika ni wa upande wa bibi au wa bwana. Wote wanapangwa katika safu moja, wamenyooka, wamevaa sawasawa. Hakuna hata mmoja anayekuambia tabia yake.

Darasani nililisema jambo hilo kwa ukali. Niliwaambia wanafunzi kwamba maneno yaliyo jamaa hayawi na mwenendo mmoja, na kwamba mtu mwadilifu akiwa na neno dogo linalotosha halikimbii kwa sababu ni dogo. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono.

“Lakini Mwalimu, wewe mwenyewe uko onlaini mpaka saa ya chai.”

Nilimwambia akae chini. Hakuwa amesimama.

Sasa nifike kwa mama wa maziwa, maana ni yeye aliyelipia elimu yangu hii ya kamusi.

Ni mama wa Kiorma, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, anayekaa nje kidogo ya Minjila pamoja na wakamwana zake wawili. Kila asubuhi, kabla sijavaa viatu vya shule, alikuwa akinifikia mlangoni na kibuyu cha maziwa. Kibuyu chake hukiosha, hukianika, kisha hutia ndani kaa la moto la mti anaouchagua mwenyewe. Hukifunika, hukitikisa, huacha moshi ushike kuta, ndipo hufagia jivu kwa kijifagio cha miaa na kumimina maziwa. Maziwa hayo hukaa siku bila kuchacha, nayo yana harufu ambayo chai ya nyumbani kwangu ikiikosa, mume wangu huuliza kama kuna msiba.

Asubuhi moja alisimama mlangoni bila kukitua kibuyu.

“Mwalimu, kuna kazi.”

“Kazi gani, Mama?”

“Barua. Pale Minjila serikali imejenga banda la maziwa. Meza ya simiti, bati juu, maji ya bomba. Meza chache, sisi wengi. Wamesema kila mama aandike maziwa yake anayaweka vipi yasiharibike. Ijumaa ya wiki ijayo wanagawa.”

“Na ukikosa?”

“Nikikosa nabaki barabarani. Pale jua linakunywa maziwa kabla ya mteja. Halafu basi likisimama, sisi wote tunakimbia dirishani, na mimi miguu yangu imekataa kukimbia. Wale wasichana wanafika, mimi nafika basi limeondoka.” Akakitua kibuyu. “Nataka meza, Mwalimu. Nikae, mteja aje kwangu.”

“Niandike nini?”

“Andika maziwa yangu safi. Kibuyu nakifukiza mimi mwenyewe nyumbani. Wakamwana wangu wananisaidia. Basi.”

“Nitakuandikia barua ambayo hawataisahau,” nikamwambia, na katika hilo nilisema kweli.

Alinipa na karatasi ya tangazo, aliyoipata kwa chifu. Niliitia mkobani.

Jioni hiyo nilikaa mezani na simu. Sentensi zake tatu zilikuwa mbele yangu, zikiwa zimekamilika, nami nikaziona kama watoto waliotoka bila viatu. Nilianza na nyumba. Kiingereza cha nyumba anakijua hata mtoto wa chekechea, kwa hiyo nikabofya jamaa zake. Nikapanda nao ngazi kwa ngazi, kutoka nyumba hadi makazi, kutoka makazi hadi jengo, kutoka jengo hadi “facility”, neno ambalo ukilitamka unasikia lango likifunguliwa na mlinzi akikuuliza kitambulisho. Nikaliandika. Wakamwana nao niliwatafutia cheo. Wasaidizi hawakunitosha. Nikawaandika kuwa “personnel”.

Ugumu ulikuwa kwenye kufukiza. Katika Kiswahili tunafukiza mavazi kwa udi, tunafukiza chumba cha bibi arusi, na kitenzi hicho kina heshima zake. Kiingereza cha kawaida cha kutia kitu moshi ndicho kinachotumika kwa samaki, nami sikutaka mama yangu wa maziwa awekwe kapu moja na ng'onda. Niliieleza kamusi kwa maneno yangu: kutia chombo moshi wa kuni ili kinukie na kihifadhi. Ikaniletea safu ndefu. Katikati yake lilikaa “fumigate”, likiwa na umbo la Kilatini na mlio wa shaba.

Sitadai kwamba sikulijua. Nililijua vizuri, na pembeni yake niliwaona wenzake linaotembea nao, wa mende, wa kunguni, wa maghala ya nafaka. Nilijiambia kwamba msomaji mwenye akili ataelewa. Huo ndio uongo ambao waandishi wote wabaya hujiambia, na mimi nimewahi kuwapigia wanafunzi mstari mwekundu kwa kosa dogo kuliko hilo.

Nilipomaliza, sentensi tatu zilikuwa zimekuwa kurasa mbili. Nilizisoma kwa sauti mbele ya mume wangu.

“Huyu anayeandika ana magari?” akauliza.

“Mbona?”

“Naona kama ana magari.”

Huku kwetu, anayeandikiwa barua husomewa kabla haijafungwa, kwa lugha anayoielewa, naye huitikia kila sentensi. Akisita, mwandishi hufuta. Kwa mtu asiyejua kuandika, kule kuitikia ndiko sahihi yake halisi. Kidole gumba huja baadaye kama muhuri tu. Mama alipokuja kuichukua barua alikaa kwenye mkeka, akakunja miguu, akaweka mikono magotini.

“Nisomee.”

Nilizitazama kurasa zile mbili. Nikajaribu kichwani kuzirudisha katika Kiswahili, na kila sentensi ilikuwa ikichekesha njiani.

“Mama,” nikasema, “hii ukiigeuza inapoteza utamu wake. Niamini.”

Alinitazama kitambo. “Wewe ni mwalimu,” akasema, akatia kidole gumba kwenye wino. Sina kosa jingine katika kisa hiki ninalolijutia kuliko dakika ile, na wakati huo nilihisi raha tu.

Jibu lilifika Jumatatu ya wiki ya kugawa meza, likaletwa shuleni kwa kuwa ndiko nilikoandika anwani. Lilikuwa na adabu kamili. Afisa wa afya alishukuru kwa maelezo ya kina. Aliomba kujua jina la kemikali inayotumika na kiwango chake. Aliomba vyeti vya uchunguzi wa afya vya wafanyakazi wote, ramani ya jengo, na namna mabaki ya dawa yanavyotupwa. Angefika mwenyewe Jumatano kukagua kituo. Hadi hapo, muuzaji alitakiwa asiuze maziwa popote, bandani wala barabarani.

Nilikwenda Minjila kwa pikipiki baada ya masomo, barua mkononi. Mama alikuwa kivulini akisuka kifuniko cha kibuyu. Safari hii nilimsomea yote, kwa Kiswahili, polepole. Aliitikia sentensi ya shukrani. Kuanzia ya kemikali aliacha kuitikia.

“Dawa gani?” akauliza.

“Wamedhani unatia dawa.”

“Nani amewaambia?”

Nilianza kuikunja barua. Mkamwana mmoja, aliyekuwa akimwaga maji karibu, akasema, “Na vyeti vya wafanyakazi ni vya akina nani?”

“Ni vyenu,” nikasema.

“Sisi tumeajiriwa?” Akamgeukia mwenzake ndani. “We! Toka nje! Tumeajiriwa na hatujaambiwa!”

Wakacheka wote wawili, lakini mama hakucheka. Alikuwa ameshika neno moja tu. “Nisiuze mpaka Jumatano?”

“Mpaka Jumatano, Mama.”

“Na Ijumaa wanagawa.”

“Ndiyo.”

Akarudia kusuka. “Basi nitatengeneza samli,” akasema, akimwambia yule mkamwana wala si mimi.

Nyumbani nililaumu chombo. Nilisema ni hatari, kinampa mtu kisu bila kumwambia upande wenye makali, na kwamba nitalieleza jambo hili shule nzima asubuhi. Mume wangu alikuwa akiosha mikono yenye grisi.

“Kamusi ilikuonyesha watu waliosimama mlangoni,” akasema. “Aliyewakaribisha ndani nani?”

Kuna ndoa ambazo mtu hupumzika ndani yake. Yangu ni ya aina nyingine, namshukuru Mungu.

Jumatano niliomba ruhusa shuleni nikawahi kwa mama kabla ya afisa. Alikuja kwa pikipiki, kijana nadhifu, kofia ngumu kichwani na faili kwapani. Alisalimu vizuri, akaangaza macho kulia na kushoto, akaona nyumba, zizi la ndama, jiko na vichaka vya mathenge vilivyofyekwa nusu.

“Samahani, Mama. Kiwanda kiko upande gani?”

“Kiwanda gani, mwanangu?”

“Hiki cha kwenye barua.”

“Barua inasemaje? Mimi sijaisikia.”

Kijana akanitazama, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuchunguza kucha zangu. Kisha akafungua faili, akaanza kuigeuza barua yangu katika Kiswahili, neno kwa neno, kwa uaminifu ambao ningeupa alama zote.

“Kituo changu cha kuhifadhia maziwa kinatumia wafanyakazi wenye ujuzi. Kila siku vyombo vyote hupigwa moshi wa kuulia wadudu...”

“Wadudu?” Mama akasimama.

“...kwa utaratibu uliorithiwa katika vizazi vingi, chini ya usimamizi wangu binafsi...”

“Mwalimu,” mama akaniita bila kuondoa macho kwa kijana, “huyu mama wa barua ni nani? Mimi simjui. Huyu ana mali.”

“Ni wewe, Mama.”

“Mimi nina wadudu kwenye kibuyu?”

“Hapana, Mama.”

“Vizazi vingi tuna wadudu?”

Wakamwana walikuwa wameketi chini, kanga midomoni, mabega yakitikisika. Afisa alijitahidi kubaki na uso wa kazi, akashindwa mdomo upande mmoja. Mimi nilisema kilichobaki kusemwa: kwamba mama alinipa sentensi tatu safi, kwamba kila neno kubwa mle ni langu, na kwamba sikumsomea. Sikuitaja kamusi. Nilikuwa nimeandaa maelezo yake njiani, na nilipofika hapo sikuona pa kuyaweka.

“Nataka nione inavyofanyika,” afisa akasema.

Mama aliingia jikoni, akatoka na kaa jekundu limeshikwa kwa koleo, akaliangusha ndani ya kibuyu kilichooshwa, akakifunika, akakitikisa. Moshi mwembamba ukatoka mdomoni. Kijana akauliza jina la mti, mama akamtajia kwa Kiorma, naye akaliandika kwenye mstari wa fomu uliokusudiwa kemikali. Akauliza kiwango.

“Mpaka mkono uchoke,” mama akasema.

Hilo nalo akaliandika.

Kisha akatoa kipimo chake, akapima maziwa ya asubuhi ile na yale ya jana. Alipima mara ya pili. Wakati huo hakuna aliyecheka, hata wakamwana. Mama alisimama amejishika kiuno, macho kwenye kile kijiti cha kioo. Kijana akakifuta kipimo.

“Yako sawa,” akasema. “Ya jana pia yako sawa. Uza, Mama.”

“Na meza?”

“Meza inataka barua inayosema kweli, na ifike kesho. Hii siwezi kuiweka kwenye kikao.” Akanigeukia kwa heshima kubwa mno. “Mwalimu, na kwa nini mliandika kwa Kiingereza? Tangazo linasema lugha yoyote kati ya mbili.”

Nilitoa tangazo mkobani. Lilikuwa limekunjwa vilevile kama nilivyopewa. Mstari wa pili, herufi nzito, ulisema hivyo hivyo.

Mama hakunipa nafasi ya kujitetea. “Una kalamu?” akauliza.

“Ninayo.”

“Kaa.”

Nilikaa kwenye kigoda cha kukamulia. Afisa alipewa kikombe, akakaa ukutani kusubiri, na mama akaanza kutamka, kidole hewani.

“Maziwa yangu ni safi. Andika.”

Niliandika.

“Kibuyu nakifukiza mimi mwenyewe nyumbani.” Akaitazama karatasi. “Mbona mkono bado unakwenda?”

“Nimeongeza ‘kwa uangalifu mkubwa’.”

“Mimi nimesema hivyo?”

“Hapana.”

“Toa.”

Nilitoa. Kijana kule ukutani alipaliwa na maziwa.

“Wakamwana wangu wawili wananisaidia. Hawajaajiriwa.” Wale wawili wakapiga makofi. “Miguu yangu haiwezi tena kukimbilia basi. Naomba meza.” Akafikiri. “Basi. Nisomee.”

Nilimsomea, naye akaitikia kila sentensi. Haikujaza nusu ya ukurasa. Nilipoimaliza nilihisi hamu ya zamani ikiniwasha, maana palikuwa na mahali, baada ya neno safi, ambapo kivumishi kimoja kingekaa vizuri sana. Nikaifunika kalamu kwa kofia yake.

Ijumaa alipata meza. Ni ya mwisho upande wa upepo, karibu na bomba, na wanasema ndiyo nzuri kuliko zote kwa sababu vumbi la barabara haliifikii. Nilifurahi kama niliyeipata mimi. Furaha hiyo ilidumu hadi Jumamosi asubuhi, nilipovaa kanga nikasimama mlangoni na sufuria, nikangoja, nikangoja tena, ndipo nikafahamu nilichokuwa nimesaidia kukileta. Mwenye meza hazunguki tena milangoni.

Nikapanda pikipiki hadi Minjila. Banda lilikuwa limejaa. Mama alikuwa ameketi, ameketi kabisa, mgongo umeegemea nguzo na miguu imenyooka chini ya meza, na mbele yake palikuwa na foleni ya watu wa basi na watu wa mji. Nilikwenda moja kwa moja mbele, nikanyoosha sufuria.

“Mwalimu,” akasema, huku akimmiminia mtu mwingine, “foleni inaanzia kule.”

Mwanamume mmoja aliyenifahamu akaingilia kati. “Mama, mhudumie Mwalimu, si ndiye aliyekuandikia barua ya meza?”

“Barua niliandika mimi,” mama akasema. “Yeye alishika kalamu. Wa mbele, njoo.”

Nikaenda nyuma, nikashika nafasi baada ya kondakta wa basi, na sufuria yangu kifuani.